Wasiosikia Uchungu

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza wodi ya wazazi. Mkunga mkuu kanipokea vizuri — mcheshi, mikono myepesi, kazi anaijua. Wodi imejaa pomoni na wakunga tuko wawili tu, kwa hiyo kanipa siri yake: fuata kelele. Anayepiga kelele zaidi ndiye wa kwanza. Na wanawake wa milimani? Waache mwisho, hawasikii uchungu hao. Nikacheka. Miguu yangu ilifurahi kupata sheria rahisi.

Jumatano, 6 Machi

Mjamzito mmoja, mwalimu, kitanda cha mlangoni, kapiga mayowe, wodi nzima ikageuka. Tukamkimbilia wote wawili. Kumbe bado kabisa! Huku nyuma binti mmoja wa milimani, mimba ya kwanza, kajifungua kimya kitanda cha dirishani. Mama mkwe wake ndiye kamdaka mtoto. Mtoto mzima, tena mnene. Mkunga mkuu: si nilikwambia?

Kabla ya kuondoka kitandani pake nikamuuliza binti kama anaumwa. Akamtazama mkwewe kwanza. "Sijambo." Jasho juu ya mdomo, shuka kaikunja ngumini. Sikupenda. Nikajiambia ni uchovu, nikarudi kwa mwalimu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi shuka bado iko ngumini.

Nikamwomba mama mkwe, kwa heshima zote, akatuletee maji ya moto kwenye chupa ya chai. Alipotoka tu nikainama. "Mdogo wangu, hayupo. Sema."

"Dada, kuna kitu kinanipasua ndani. Usimwambie mama."

Akaninong'oneza kwamba wifi yake alilia akijifungua. Mpaka leo ukweni wanamwita King'ora.

Mapigo yake ya moyo mbio. Nikamchunguza: uvimbe mgumu ukeni, umejaa damu. Damu inavuja kwa ndani, nje hakuna kitu. Mkunga mkuu hakutaka daktari asumbuliwe — hawa hawana maumivu, huyu kafundishwa na nani kudeka? Damu ikanichemka. Nikamwambia kama kweli hawasikii uchungu, basi huyu anayesema anaumwa ndiye wa kukimbiliwa. Nikapiga simu mwenyewe. Daktari alipomgusa tu akasema chumba cha upasuaji, sasa hivi.

Mkunga mkuu hajanisemesha tangu hapo.

Ijumaa, 8 Machi

Yu hai. Kaongezewa damu, bado kapauka. Daktari kasisitiza: maumivu yakirudi aambiwe mara moja, huenda damu inavuja tena. Yaani roho ya huyu binti inategemea neno asilothubutu kulisema! Naogopa.

Mama mkwe kanivuta kando. "Mwanangu, alilia?" Nikasema alijikaza sana, mama. Sidhani kaniamini. Si mtu mbaya. Hajalala, miguu imemvimba, anaogopa kama mimi.

Mchana nikamwomba tena akalete maji ya moto. Akainua chupa, akaitikisa. Imejaa.

"Maji yapo, mwanangu. Muulize nikiwepo."

Nikauliza. Binti akamtazama. "Sijambo." Lakini vidole vyake vilikuwa vinaikusanya shuka, taratibu. Mkwewe naye akaviona. Akauweka mkono wake juu ya ule wa binti, akanigeukia. "Mwite daktari."

Naandika nimeegemea kabati la dawa, simu sikioni. Inaita tu. Mkunga mkuu kasimama mlangoni, kanisemesha hatimaye. Mbona katulia yule, anasema, haraka ya nini —