Maji ya Kombe Shingoni mwa Hamisi

Dar es Salaam
Alhamisi, tarehe 9. Asubuhi mawingu na manyunyu, hakuna upepo.

Mama yangu, shikamoo.

Kabla hujauliza: Hamisi yu hai, anaongea, na leo amekunywa uji. Nimeanza na hilo ili ukae vizuri usikilize yaliyobaki. Goti lako linaendeleaje?

Jumatatu nilimpeleka mdogo wangu kusafishwa damu kama kawaida. Unaukumbuka ule mrija wa shingoni unaopeleka damu yake kwenye mashine. Hajakaa sana, akaanza kutetemeka hadi meno yanagongana. Nesi akafungua bandeji.

"Dada, hapa pananukia marashi. Nani kapaka nini?"

Nikasema hakuna, bandeji ile hata mimi siigusi. Hamisi akafumbua macho. "Kombe la mama."

Ile chupa uliyompa mjomba atuletee, ya kombe, zile aya alizokuandikia mwalimu wa Kivinje akazisuuza kwa maji ya marashi, nilidhani imekwisha. Kumbe Hamisi, kwa vile amekatazwa kunywa maji mengi, aliona akilinywa anamwasi daktari, akiliacha anakuvunjia heshima wewe. Basi kila alfajiri anainua bandeji, anajipaka pale pale mrija unapoingilia.

"Nilitaka niwatii wote wawili," akasema.

Vijidudu vimeingia kwenye damu, mama. Wakamlaza, wakautoa mrija, wakaweka mwingine upande wa pili. Daktari hakunificha: tungechelewa siku moja, ningekuwa nakuandikia mengine.

Kitanda cha pili yupo Mzee Ismaili wa Nyangamara. Yeye husafishwa kwa maji yanayoingizwa tumboni, nyumbani kwake, bila mashine. Nikasema afadhali Hamisi naye ahamie huko, labda ndiko salama. Mzee akacheka huku ameshika tumbo.

"Binti, mimi hapa unadhani nimekuja kutembea? Nilibadilisha mfuko wa maji feni inazunguka. Wadudu wangu walipita na upepo. Wa mdogo wako wametiwa marashi kama maharusi, wataondokaje?"

Hamisi naye akacheka. Mimi sikuweza. Muda wote nilikuwa nachunga maji anayokunywa tu.

Mama, dua sikukatazi. Mwalimu asome, amtaje Hamisi kwa jina, lakini chupa isije tena. Wala usiseme umemponza. Hata mimi niliye naye nyumba moja sikujua. Kombe lililobaki Hamisi hakutaka limwagwe kwenye sinki. Nimelimwaga kwenye shina la mnazi nyuma ya wodi, pasipokanyagwa na mtu.

Mjomba mwambie asijilaumu kwa kuibeba. Mke wa Hamisi mwambie mumewe anauliza kama mtoto ameota jino.

Mwanao,
Zaituni

Saa nane mchana. Homa imeshuka. Sijalala tangu Jumatatu. Hamisi ananiambia, "Dada, lala, sipaki kitu." Nalala.