Ufa Chini ya Pete ya Fedha

3 Machi

Shikamoo baba,

Mguu unaendeleaje? Usinijibu "mzima tu", nakujua ulivyo mbishi.

Ile bunduki ya Uajemi uliyoituma itengenezwe imefika karakana salama, na mimi ndiye niliyepewa kuandika hali yake. Mtutu una kutu kidogo, maua ya dhahabu karibu yote yapo. Kitako kimepasuka, vipande vinne vya urembo wa pembe vimebanduka. Karatasi inauliza chanzo cha uharibifu. Hapo nikashindwa kuandika.

Baba, kaka hakuiangusha. Ulipoingia alikuwa anaiokota tu. Ni mimi niliyepanda kiti niguse yale maua, ilipokuwa imetundikwa ukutani, ikaniponyoka. Nilikuwa nyuma ya mlango ulipomfukuza nyumbani, nikanyamaza. Miaka kumi na tisa nimenyamaza. Naona haya hata kukuomba msamaha.

Kitindamimba wako

20 Aprili

Marahaba mwanangu. Mguu mzima tu.

Nimechelewa kujibu kwa aibu, wala si hasira. Toa ile pete ya fedha iliyozunguka kitako. Utakuta gundi kuukuu na waya wa shaba. Ni kazi ya mikono yangu. Niliivunja kabla hujazaliwa, nikijionyesha kwa marafiki, nikauficha ufa kwa pete ili babu yako asijue. Siku ile niliona gundi yangu imeachia, nikajua kosa ni la nani. Lakini mama yenu alikuwa ananitazama. Nikaona afadhali lawama imwangukie kijana.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa mtu mzima.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo baba,

Pete nimeitoa. Waya upo. Nimelia mpaka bosi akanituma nikanywe chai, akidhani ni vumbi la mbao. Anauliza, ufa tuuzibe usionekane kabisa?

Nakala za barua zetu zote mbili nimemtumia kaka. Kimya.

Kitindamimba wako

10 Juni

Marahaba mwanangu,

Mguu unauma, nisikudanganye tena. Kaka yako nimemwandikia mara tatu, na kila asubuhi nachungulia sanduku la barua. Hamna kitu. Ana haki yake.

Kitako kiunganishwe, lakini ufa msiufiche, na pete msiirudishe. Kwenye ile karatasi, penye chanzo cha uharibifu, usijiandike wewe. Andika mimi, jina langu kamili. Nakala mtumie kaka yako.

Baba yenu