Picha Isiyo na Anti Rose

Jumatano

Hata "tafadhali" mpiga picha alisema. Ndilo linalonichefua zaidi.

Kichwa changu chote ni kazi ya Anti Rose, anayesafisha jengo letu. Ijumaa iliyopita, siku yake pekee ya mapumziko, alishinda akitusuka wasichana kumi na mmoja kwa ajili ya Siku ya Urithi, misuko aliyofundishwa na nyanyake kule Siaya. Mimi, mwenyekiti wa wanafunzi Waafrika hapa chuoni, ndiye niliyemwomba. Leo nikamwalika asimame nasi kwenye picha.

Alikuja katikati ya zamu, na yunifomu yake. Mpiga picha wa chuo akaniangalia mimi: "Mwambie yule wa usafi asogee, tafadhali. Yunifomu inaharibu rangi."

Nikamgeukia Anti.

Anti ndiye aliyeniokoa. "Pigeni tu, warembo wangu. Vyoo vya juu vinaningoja."

"Anti anaogopa kamera!" mwenzetu Brayo akasema, wote wakacheka. Nami nikatabasamu, nimeshika cheti changu cha Huduma kwa Jamii nilichopewa na chuo.

Picha tayari iko kwenye skrini kubwa ya mlangoni. Anayeipangusa vumbi skrini hiyo kila asubuhi ni yeye.

Nimejaribu kufumua nywele. Kwenye msuko wa tatu nikaacha, nikaona namfuta mara ya pili. Kesho nitaingia ofisi ya chuo na kichwa hiki hiki: picha ishuke, au wachukue cheti chao.

Lakini kwanza nipite kwa Anti. Hapo ndipo sijui nitaanzia wapi.