Fungu la Lepeka

Lepeka, usinipigie, niko nyuma ya ukumbi nalia. Soma tu.

Nimemwaibisha mama yako mbele ya kijiji kizima. Mimi!

Nilikuwa nasoma takwimu za mwaka za zahanati yetu mkutanoni. Waliozaliwa wanne, waliokufa sita, wenye sukari tisini, wakazi wote 387. Mzee Feleti, yule anayegawia kila nyumba samaki wa kijiji, akanikatiza: "We binti, hesabu gani hiyo? Orodha yangu ya mgao ina watu 388."

Na mimi kwa kiherehere changu nikalinganisha orodha zetu nyumba kwa nyumba. Kwa sauti, Lepeka! "Kwa Mama Luhia anaishi mtu mmoja. Mbona mnampa mafungu mawili?"

Watu wote wakageuka kumtazama mama yako.

Yule wa 388 ni wewe. Miaka kumi na moja uko Nyuzilandi, na kila mgao mama yako anachukua fungu lako.

Akasimama: "Mwanangu yuko safarini. Aliye safarini hafutwi."

Hakuna aliyecheka. Feleti akaniambia polepole, "Basi rekebisha hesabu yako, mwanangu."

Siwezi! Ripoti inahesabu wanaoishi hapa tu, na inaondoka na meli kesho.

Sasa hivi mama yako amenifuata huku nyuma, samaki mkononi. Nikajua nakula matusi. Akanipa.

"Hili la Lepeka. Kula wewe leo. Akija atakula lake."