Ukurasa Niliouruka

Mjukuu wangu Raya,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Mgogoni hatujambo. Mbuzi wako kazaa mapacha, na mjomba wako karudi salama kutoka hospitali.

Umeniuliza kwa nini hadithi za kutisha, tena za zamani, bado zinakushika hata ukizisoma mara ya tatu. Mie chuo sikusoma, nitakwambia nilichokiona tu.

Nilipokuwa rika lako, msimu wa karafuu, wanawake tulikaa barazani kila alasiri kuchambua, karafuu huku, vijiti vyake vya makonyo kule. Kwa kuwa mimi nilijua kusoma, niliwasomea kitabu kikuukuu cha maiti aliyerudi kwake kubisha hodi. Penye kutisha mikono yote ilisimama, na makonyo yakachanganyika tena na karafuu.

Jirani yetu Bi Time alikuwa ametoka eda ya kufiwa na mumewe juzi tu. Nikamwonea huruma, nikauruka ukurasa wa maiti kufika mlangoni.

"Umeruka," akasema. "Rudi."

"Nakuogopea, Bi Time. Unalala peke yako."

"Ndiyo maana. Khofu ya nyumbani naiogopa peke yangu. Hii tunaiogopa sote."

Nikarudi. Maiti alipobisha, Bi Time ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Tukaanza kuchambua upya.

Kitabu hicho ninacho bado, ila herufi zake ndogo zimenishinda. Ukija likizo unisomee. Tangu babu yako alipotutoka, nyumba hii kimya mno.

Wala usiruke kitu.

Bibi yako,
Mize