Miss Vile-Niko ya Kashikishi

Dada yangu mukubwa, Yaya Georgette,

Tangu tukuzike siwezi kukaa. Naanza kuchora kibao cha saluni, naacha rangi ikauke kwa burushi, naenda bandarini, narudi, naenda tena. Mama anasema nitachimba shimo njiani. Leo nimejifungia ndani nikuandikie, maana kuna habari.

Mashindano nilifanya.

Ile siku ulienda kujiandikisha kwa mashindano ya urembo na barembo wengine, yule kijana wa kwa meza alitazama kovu la moto kwenye shavu lako, akasema, "Dada, tunatafuta sura." Tukirudi ulicheka njia yote. Halafu ukaniambia, "Wewe mwenye kuchora, fanya ya kwetu." Nikadhani ni muchezo. Homa ikakubeba, lile neno likabaki linanichoma.

Bon, nikachora afishi, tangazo la kubandika ukutani: Miss Vile-Niko, banaume na banamuke, wenye kukataliwa kwingine muingie hapa. Bakaja. Ilunga, mubebaji wa magunia mwenye mukono mufupi, ule tulikaa naye kwenye kambi ya wakimbizi ya Kenani. Na yule mama tunamuita Ba Chilufya kwa heshima, mujane Mubemba mwenye kuuza samaki. Batu banapita mbali na meza yake, banasema ni mulozi, anaroga. Pasta akaja kuniambia ninachezea batu wa Mungu. Nikamuomba akae mbele aone. Akakaa.

Siku ya mashindano, kule bandarini, Ba Chilufya alipotokea na gauni ya kijani, batu bakapasuka kucheka. Akasimama katikati. Akasema, kwa Swahili yake ya soko, "Cheka kwanza. Mimi nitangoja." Bakanyamaza, Yaya, moja moja. Ndipo akatembea, pole pole, sawa na mwenye bandari.

Mwishoni nikainua taji nikasema bote bameshinda. Niliwaza batafurahi. Ba Chilufya akanikasirikia mbele ya kila mutu: "Sikutembea upate kunihurumia. Mutu moja ashinde." Ilunga akaitika kwa kichwa. Hata pasta akasema ni kweli. Tukapima kwa makofi, na Ilunga akashinda. Sasa anabeba magunia akiwa na taji kichwani.

Ba Chilufya amenuna mupaka leo. Mutu yeyote akipita sokoni, Ba Chilufya anamwambia, "Niliibiwa taji," na batu banasimama kubishana naye, wengine banamutetea, bananunua samaki hapo hapo bakibishana. Hakuna mwenye kukumbuka kumwogopa.

Na mimi nakuwaza wewe. Siku ile ulikataliwa, baada ya kicheko chako chote, uliosha gauni yako ukaipiga pasi tena. Haukutaka mutu akufariji. Ulitaka kutembea mashindanoni, benzako baogope utabashinda.

Mikono yangu bado haitulii, Yaya, na pengine haitatulia. Pumuzika wewe. Nitaifanya tena mvua ikiisha, na nakuahidi sitahurumia mutu: mwenye kushindwa atashindwa kweli, atalia, atanitukana, na mwaka wenye kufuata atarudi.

Mudogo wako,
Nadège