Njia Niliyoifunga

Jumatatu, 23 Machi 1953
Hesabu, kisha dikte, yaani imla. Makosa mawili. Baada ya shule nikapanda mgongo wa mlima kutafuta kuni. Mto umesomba daraja letu la miti. Kwenye njia panda kule juu nikalaza tawi la mwanzi kuifunga njia ya kwetu. Watokao Walikale wazunguke kwa njia ya juu. Siku nzima zaidi, matope mpaka magotini. Lakini watafika wazima.

Jumatano, 25 Machi
Barua ya dada Vumilia! Anakuja kabla ya Pasaka, na mtoto ambaye sijamwona. Ameolewa Walikale miaka miwili sasa. Baada ya Pasaka mumewe anahamishiwa mgodi mwingine, mbali sana. Nimeisoma mara sita. Ramani ya shule haina mlima wetu. Nimeuchora kwenye daftari, na njia zote mbili.

Jumamosi, 28 Machi
Papa wangu na wenzake wamemaliza daraja. Akaniambia, "Ni wewe ulifunga njia, wewe tu utaifungua. Enda leo." Ndiyo desturi: tawi haliguswi na mwingine, wala halirukwi. Ukungu mzito. Mtihani wa jiografia Jumatatu. Nikasema kesho.

Jumapili, 29 Machi
Jumapili ya Matawi. Mvua mpaka jioni. Sikwenda.

Jumatatu, 30 Machi
Tisa kwa kumi. Naichukia tisa hiyo.
Jioni wakafika wauza mawese kutoka Walikale, wamejaa matope. Mmoja akanicheka: "We Mama Vitabu! Dada yako alifika kwa tawi lako jana, akarudi Walikale. Mutoto iko mugongoni, mvua inanyesha, njia ya juu hataiweza. Tukamuambia aruke tu tawi. Akakataa. Akasema, mwenye kufunga anajua sababu."
Mama ameukunja mkeka aliomtandikia Vumilia. Ana haki.

Jumanne, 31 Machi
Nimepanda peke yangu alfajiri. Tawi lipo, majani yamegeuka manjano. Kwenye mwanzi uliosimama kando ya njia, chini ya majani mazito, mahali mvua haifiki, kimetundikwa kikapu kipya chenye kifuniko. Kipana kiasi cha vitabu viwili. Fundo ni la dada, lile alilokuwa akifungia vitabu vyangu nilipokuwa mdogo.
Nimeliondoa tawi. Upande wa Walikale umebaki unyayo mmoja kwenye matope.
Nimekaa pale mpaka jua likawa kali. Njia ilikuwa wazi. Hakupita mtu.